Ndege wa Ngezi aliyeitwa mbaya

Kaskazini-magharibi ya Pemba, ukishaipita Konde, kuna msitu wa Ngezi, na humo yumo bundi asiyepatikana popote pengine duniani. Pemba ina ndege wanne wa namna hiyo, wa kwake peke yake: bundi huyo, ninga, chozi, na kindege kimoja chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Wapenda ndege huvuka bahari kuja kuwaona.

Jioni moja nilifuatana na wageni wawili Waingereza waliokuja kwa ajili ya bundi. Aliyetuongoza alikuwa kijana wa hapo hapo. (Kazi yake ina jina la Kiingereza ambalo siliandiki kwa tahajia yetu, maana ukiliandika kama linavyotamkwa unapata gaidi.) Giza lilipoanza kuingia alisimama, akakunja kiganja mdomoni, akatoa sauti moja fupi: hu. Akanyamaza. Hu. Mara ya nne au ya tano bundi akamjibu kutoka mtini.

Kijana akawageukia wageni kwa furaha kuwaambia kwamba ndege huyu yuko Pemba tu. Lakini neno lililomtoka halikuwa "bird". Lilikuwa "bad". Mgeni mmoja akauliza kwa mshangao, "Bad?" Naye akajibu bila wasiwasi, "Yes, very good bad."

Wageni walicheka kwa adabu. Sisi wenyeji tulicheka bila adabu. Yeye pia alicheka, ila njiani kurudi hakusema tena mengi.

Jambo lile limenikaa kichwani. Kinywa kilichomdanganya bundi, kiumbe mwenye masikio makali kuliko mtahini yeyote, kimeshindwaje na irabu moja ya Kiingereza? Huku kwetu jibu huwa tayari: ulimi mzito. Mtu wa Unguja akimsikia Mpemba anasema Kiingereza husema ulimi mzito, na mtu wa mjini husema hivyo hivyo juu ya mtu wa shamba. Mimi nadhani ulimi hauna kosa. Sehemu kubwa ya irabu zetu za Kiingereza hazihitaji kuonewa haya, kwa sababu zina mpango wake na zina historia. Chache ndizo zinazotupotezea maana, na hizo chache hatufundishwi, wala skuli wala kazini.

Tuanze na hesabu. Kiswahili kina irabu tano. Hilo si upungufu, kwani mfumo wa irabu tano ndio ulioenea zaidi duniani. Kihispania, Kigiriki na Kijapani vyote vina tano. Kiingereza cha watangazaji wa London kina karibu ishirini, ukihesabu zile fupi, zile ndefu, na zile zinazoanzia mahali na kuishia pengine. Mswahili anapojifunza Kiingereza, basi, ana wageni ishirini na vyumba vitano. Hakuna anayelala nje, bali kila mmoja hupelekwa chumba kilicho karibu naye.

Chumba cha a ndicho kinachosongamana kuliko vyote. Chukua maneno manne: "hat", "hut", "heart" na "hurt". Kofia, kibanda, moyo, kuumia. Kwa Mwingereza wa kusini hizo ni irabu nne mbali mbali. Kwetu zote ni a, na maneno yote manne ni "hat". Mtu akitaka kusema kwamba moyo unamuuma akiwa kibandani na kofia yake, atasema "hat" mara nne na kumwachia msikilizaji kazi ya kupanga. Chumba cha i kina "ship" na "sheep", cha u kina "full" na "fool", cha o kina "shot" na "short". Cha e humlaza "get" pamoja na "gate". Kila mwalimu wa Kiingereza wa visiwa hivi anacho pia kisa chake cha neno la ufukweni lililogeuka tusi mbele ya mgeni. Nitakiacha, kila mtu anacho.

Je, ni balaa? Mara nyingi siyo. Kiswahili chenyewe kina paa la nyumba, paa wa msituni, kupaa angani na kupaa samaki, na hatujawahi kupelekana kwa shekhe kwa sababu ya neno hilo. Kaa wa pwani, kaa la moto na kaa kitako wanaishi kwa amani. Muktadha hufanya kazi yake. Kofia haiumi, na kibanda hakipigi kama moyo.

Tena mpango huu si wetu peke yetu wala si wa kubahatisha. Sikiliza Kiingereza cha kusini mwa Nigeria. Neno "bus", ambalo sisi tumelifanya basi, kwao lina o. "Love" yao ni "lov", yetu ni "lav". Kiyoruba kina irabu saba za kinywa, kwa hiyo vyumba vyao ni saba na vimepangwa kwa namna nyengine. Mganda, Mkenya, Mnigeria na Mzanzibari kila mmoja ana kanuni yake, na anaifuata bila kukosea. Mtu anayekosea ovyo leo atasema hivi, kesho vile. Kijana wa Ngezi atasema "bad" leo, kesho na keshokutwa, mara arubaini kwa siku. Hapo pana sarufi.

Ushahidi mzuri zaidi hauko kwenye maabara za sauti, uko dukani na mitaani, ndani ya maneno tuliyoyachukua. Wenzetu wa bara husema shule, neno la Kijerumani, kwa sababu Mjerumani ndiye aliyewatawala hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Sisi tuliingia chini ya ulinzi wa Mwingereza mwaka 1890, kwa hiyo tunasema skuli. Neno moja tu linakuonyesha nani alisimama mbele ya ubao.

Sasa angalia benki. Kwa Kiingereza ni "bank", na ukimsikiliza kijana wa London wa leo irabu yake iko karibu sana na a yetu. Kwa nini basi hatukusema banki? Na begi, na bendi, na beki, na meneja, na trekta, na teksi? Mbona yote yana e mahali ambapo tahajia ina a? Babu zetu hawakusoma vibaya. Walisikia vizuri. Waingereza wenye madaraka wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliitamka irabu hiyo juu zaidi kinywani, ikielekea e. Masikio ya Unguja yalisikia e, yakaandika e, na maneno hayo yamebaki kama picha ya studio ya zamani, mzee amevaa koti na fezi, wakati wajukuu zake leo wanavaa fulana.

Hili si dhana ya barazani. Mwaka 2000 Jonathan Harrington na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa irabu za Malkia Elizabeth II mwenyewe. Walichukua hotuba zake za Krismasi za miaka ya 1950 na za miaka ya 1980, wakapima. Irabu zake zilikuwa zimehama, zikaelekea kule zilikokuwa irabu za raia wake wa kusini mwa Uingereza walio wadogo kwake kwa umri na kwa cheo. Kama Malkia hakusema Kiingereza cha Malkia wa miaka thelathini nyuma, binti wa Wete anatakiwa aseme kipi?

Kabla ya hapo irabu hizo zilihama kwa kishindo kikubwa zaidi. Kati ya mwaka 1400 na 1700, kwa kukadiria, irabu ndefu za Kiingereza zote zilipanda juu kinywani au zikapasuka kuwa mbili mbili. Neno "name" liliwahi kutamkwa na a ndefu, na "time" na i ndefu, karibu na vile ambavyo mtoto wa darasa la kwanza wa Chake Chake angeyasoma akiachiwa peke yake. William Caxton alifungua kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476, safari ikiwa katikati. Tahajia ikakwama kituoni, matamshi yakaendelea na gari. Kwa hiyo mtoto wetu anayesoma Kiingereza kama kilivyoandikwa anasoma vizuri sana, ila amechelewa miaka mia sita.

Hata irabu ya "bird", hii iliyomwaibisha yule kijana, kwa Waingereza wenyewe ni mgeni. Zamani maneno "fern", "fir" na "fur" yalikuwa na irabu tatu tofauti, kama herufi zinavyosema. England yalichanganyika yakawa kitu kimoja. Scotland wengi bado wanayatenganisha. Na Scotland hiyo hiyo haina tofauti kati ya "pull" na "pool", yaani Mskoti analala chumba kimoja na sisi kwenye u, na hakuna aliyempa jina la ulimi mzito. Kaskazini mwa England "but" ina u ya "put". Wamarekani wengi wa magharibi hawatofautishi "cot" na "caught". New Zealand wakisema "pen", mgeni husikia "pin".

Liverpool nako kuna jambo. Huku Unguja unaweza kukosa maji ya bomba lakini hukosi shabiki wa Liverpool. Waambie wamsikilize vizuri mtu aliyezaliwa na kukulia mji ule anaposema "nurse": irabu yake imesogea mbele, ikakaribiana na ya "fair". Kwa maneno mengine, amekaribia nesi yetu. Sisi wenyewe irabu hii tumeipangishia nyumba mbili. Katika nesi, sketi na jezi tuliiweka e. Katika shati, fanicha na baga tuliiweka a. Mtu anaweza kuvaa shati na sketi kwa siku moja asijue kwamba amevaa irabu moja ya Kiingereza kwa mitindo miwili. Katika mazungumzo ya leo, bara na visiwani, a ndiyo iliyoshinda, na ndiyo maana ndege wa Ngezi akawa mbaya.

Niseme sasa kilichonisukuma kuandika. Binti wa jirani yangu, mtu wa Wete, alikwenda kufanya usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Kiingereza chake cha kuandika ni safi, nimekiona. Walimpa orodha ya vyakula aisome kwa sauti. Alipomaliza, mmoja wa wasaili, Mswahili kama yeye, alimwambia lafudhi yake ni nzito na wageni hawatamwelewa. Mgeni hakuwamo chumbani. Hakuna aliyemwambia ni neno gani lisiloeleweka wala ni irabu gani. Alitoka na ushauri mmoja tu: atafute kozi ya lafudhi.

Ile hukumu ya jumla ndiyo inayoniudhi. Ni sawa na fundi kukurudishia feni na kukuambia ina ubovu. Ubovu gani, bwana? Uko kwenye waya au kwenye panga?

Yako majibu mahsusi. Mwaka huo huo wa 2000 mwanaisimu Jennifer Jenkins alitoa pendekezo ambalo limejadiliwa sana tangu hapo. Alichunguza mazungumzo ya Kiingereza kati ya watu ambao wote si Waingereza, yaani Mjapani na Mswisi, mtu wa huku na mtu wa kule, akatazama ni matamshi gani yanavunja mawasiliano na ni yapi yanayomkera tu Mwingereza aliye mbali. Sehemu kubwa ya mambo yanayofundishwa kwa jasho yaliangukia upande wa pili. Sauti ya th haikuwa muhimu. (Hapo Mzanzibari ataumia kidogo, kwa sababu th na dh za thelathini na dhahabu ndizo tunazojivunia mbele ya wenzetu wa bara.) Irabu dhaifu, ile inayomezwa katika silabi zisizo na mkazo, nayo haikuwa muhimu, kuitamka kwa ukamilifu kunaweza hata kumsaidia msikilizaji. Neno "banana" lina a tatu kwenye karatasi. Mwingereza huitendea haki ile ya kati tu. Sisi tunazipa zote tatu haki yake, na Mchina aliyekaa mezani huko Nungwi anashukuru.

Kwa upande wa irabu, mambo mawili yalibaki katika orodha ya lazima. La kwanza ni urefu, tofauti ya fupi na ndefu. La pili ni irabu ya "bird".

Hapo sina budi kukubali. Nimetumia nusu ya makala kuitetea "bad" yetu, na utetezi wangu wa historia ni wa kweli, lakini ndege akigeuka mbaya mbele ya mtu aliyelipa nauli kumwona, mawasiliano yamekatika. "Work" ikiwa "wak", "first" ikiwa "fast", "burn" ikiwa "ban", msikilizaji wa Kikorea au wa Kibrazili hatakuwa na njia ya kukisia kila mara. Vyumba vinne vinaweza kubaki kama vilivyo. Hiki cha a kimejaa mno, na mpangaji mmoja lazima apatiwe pake.

Na huu urefu je? Hapa ndipo ninaposhangaa zaidi, kwa sababu hakuna watoto wanaofundishwa urefu wa irabu kwa makini kuliko watoto wa Unguja na Pemba. Wanafundishwa chuoni, kwenye chuo cha Qur'ani.

Mtoto wa miaka mitano au sita, kabla hajajua kushika penseli sawa sawa, anakaa mkekani na juzuu yake mbele ya ustadh. Anaanza alifu kwa ujiti. Anajua fataha, kasra na dhumma, irabu tatu fupi, na anajua kwamba kila moja ina ndefu yake. Anajua madda, yaani kuvuta irabu, na kwamba ile ya asili ni harakati mbili (harakati moja ni muda wa irabu fupi moja), kuna nyengine hufika nne au tano, na ya lazima ni sita. Ustadh hukunja vidole kuhesabu. Mtoto akiikata madda kabla ya wakati wake anarudishwa nyuma aisome tena, na akiongeza palipo fupi anarudishwa vile vile, kwa sababu maana huharibika. Anafundishwa pia makharij: sauti inatoka wapi, koo, kaakaa au midomo. Mambo hayo hayo chuo kikuu yanaitwa fonetiki, na yule mtoto ameyapata kabla ya kung'oka meno ya mbele.

Saa saba mchana mtoto huyo huyo yuko skuli, kipindi cha Kiingereza. Mwalimu anasema "sheep", darasa zima linaitikia "ship". Mwalimu anasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Darasa linaitikia kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna anayekunja vidole. Hakuna anayesema: hii ni mbili, ile ni moja. Elimu ambayo mtoto ameingia nayo darasani imeachwa mlangoni pamoja na viatu.

Sisemi Kiingereza kisomwe kama Qur'ani. Kila kisomo kina heshima yake na sitaki kuandikiwa barua. Nasema masikio ni yale yale. Hata Kiswahili kitupu kinatosha kuanzia: hakuna mtoto anayechanganya kufa na kufaa, na methali yetu ya kufa kufaana ingekuwa haina maana kama urefu hatuusikii. Ni kweli kwamba katika maneno hayo mkazo nao huhama, lakini sikio linalopokea a mbili mfululizo linaweza kupokea i mbili.

Mzee mmoja, maalim mstaafu tunayekaa naye barazani Mkunazini, alinipinga niliposema haya. Aliniambia, "Wewe, 'ship' si 'sheep' iliyokatwa. Ulimi wenyewe uko pengine." Na ana haki. Irabu ya "ship" iko chini kidogo ya i yetu, imelegea, imeinamia e. Kuhesabu harakati peke yake kutakupa "ship" yenye i ya Kiswahili iliyo fupi, ambayo Mwingereza bado ataisikia kama "sheep" iliyofanya haraka. Nikamuuliza, maalim, miaka thelathini uliyofundisha, uliwahi kuwaambia wanafunzi hivyo ulivyoniambia mimi sasa hivi? Alinyamaza, akajimiminia kahawa. Halafu akasema kitabu hakikuwa na sehemu hiyo.

Basi na iwekwe. Kwa "ship": anza na i ya pika, legeza taya kidogo kuelekea e ya peka, simama njiani, harakati moja. Kwa "bird": anza na e ya nesi, rudisha ulimi nyuma mpaka katikati ya kinywa, usitanue midomo, shikilia harakati mbili. Mstari mmoja mmoja tu, na unamweleza mtu kwa viungo anavyovijua. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto akaambiwa ajifunze mizunguko ya damu na sehemu za jani kwa lugha ambayo hakuna aliyemwambia irabu zake ni ngapi.

Atakayeniambia kwamba Wazanzibari hawana kipaji cha lugha za kigeni nitampeleka Kiwengwa. Watalii wa Kitaliano wamejaa pwani ile kwa miaka mingi, na utawakuta vijana ambao hawakumaliza kidato cha pili wanauza vinyago na safari za kuzamia kwa Kitaliano kinachoteleza kama urojo. Hawakusoma kozi. Hakuna anayewacheka irabu. Siri yake ni jirani: irabu za Kitaliano zimekaa karibu kabisa na zetu, na herufi zake husomeka kama zilivyoandikwa. Wamisionari wa karne ya 19 waliokiandika Kiswahili kwa hati za Kilatini waliliona hilo mapema. Kanuni yao ilikuwa konsonanti zisomwe kama za Kiingereza, na irabu kama za Kitaliano. Waingereza wenyewe, walipotaka kuandika lugha ya watu kwa usafi, waliziacha irabu zao nyumbani. Kijana wa Kiwengwa anayesema Kitaliano saa tatu asubuhi na kuchekwa Kiingereza chake saa nne ni mtu yule yule, na ulimi ni ule ule.

Kuna upande mmoja wa habari hii ambao sisi huku hatuupendi. Mbele ya Kiingereza sisi ni wapangaji, lakini mbele ya Kiswahili tumekaa kiti cha mwenye nyumba. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu siku hiyo tumejiona majaji. UNESCO inahesabu wasemaji wa Kiswahili zaidi ya milioni 200. Wengi wao sana walikikuta Kiswahili baada ya lugha nyengine nyumbani. Yaani Kiswahili ni kama Kiingereza: wageni wake wamewapita wenyeji kwa mbali, na kila mmoja ameingia na lafudhi yake.

Tunawapokeaje? Inategemea rangi ya pasi. Nenda Forodhani usiku. Mzungu akisema "jambou" na "asantei", akizimeza a za karibu mpaka libaki "kribu", muuza mishkaki atampigia makofi: unajua Kiswahili vizuri! Amekileta Kiswahili chenye irabu tano ndani ya kinywa chenye ishirini, amezipinda zote, na tumempa pongezi na kipande cha ziada. Mtu wa kutoka Shinyanga au Songea, ambaye irabu zake tano hazina hitilafu hata moja, akikosea dh au th tu, baraza zima linageuka.

Na mimi ninayeandika haya, wiki iliyopita nilikuwa Darajani kununua mkoba. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, ameshanipunguzia bei mara mbili. Akaniambia nisiuachie, huu ni mkoba wa samani. Nikamwambia, "Thamani. Samani ni viti na meza." Hakuwa ameniuliza. Alinitazama kidogo, akaufunga mkoba kwenye karatasi, na bei ya kwanza ikarudi.